Bima ya mizigo ya baharini: isichofidia, na jinsi ya kuziba mapengo ukiwa Kisumu au Nakuru

Wafanyabiashara wengi wa huku magharibi mwa Kenya hukata bima ya mizigo ya baharini kwa sababu moja: wakala wa forodha ameomba cheti. Tangu Januari 2017 serikali imewataka waagizaji wa bidhaa wakate bima hiyo kwa kampuni zilizosajiliwa nchini, chini ya kifungu cha 20 cha Sheria ya Bima, Sura ya 487. Basi mtu anatafuta cheti cha bei ya chini kuliko vyote, anakituma kwa WhatsApp, na habari inaishia hapo. Hakuna anayesoma. Halafu lori linapinduka Salgaa, au katoni za vigae zinafunguliwa Kibuye zikiwa kokoto tupu, na hapo ndipo karatasi inasomwa kwa mara ya kwanza, tena kwa hasira.

Mwongozo huu unaisoma karatasi hiyo kutoka nyuma, yaani kuanzia yale ambayo haitalipa. Kwa kila pengo utakalolikuta, uamuzi ni mmoja kati ya mitatu: ulilipie nyongeza, uliepuke kwa namna unavyofunga na kusafirisha, au ukubali kulibeba mwenyewe huku ukilijumlisha kwenye bei ya bidhaa.

Hatua ya 1: Tafuta herufi kwenye cheti

Kampuni nyingi za bima hapa Kenya, kama zilivyo nyingi duniani, hutumia vifungu vilivyotungwa London vinavyoitwa Institute Cargo Clauses. Toleo linalotumika zaidi ni la tarehe 1 Januari 2009, ingawa la 1982 bado hukutwa. Viko vya aina tatu, A, B na C, na kwenye cheti chako aina hiyo ni herufi moja tu ndani ya mabano, kwa kawaida katikati ya ukurasa ambapo jicho halisimami. Itafute kabla ya kitu kingine chochote.

A hufidia hasara au uharibifu wowote wa bahati mbaya, isipokuwa ule uliotengwa kwa maandishi. B na C ni kinyume chake: hufidia yaliyotajwa tu, na lisilotajwa ni lako. C ndiyo nyembamba kuliko zote. Inataja moto na mlipuko, meli kukwama, kuzama au kupinduka, lori kupinduka au treni kuacha reli, chombo kugongana na kitu, mzigo kushushwa kwenye bandari ya dharura, na mzigo kutupwa baharini ili meli iokoke. Wizi haumo. Maji kuingia ndani ya kontena hayamo. Kreti kuponyoka kwenye kreni pale Kilindini haimo.

B inaongeza tetemeko la ardhi, radi, mzigo kufagiliwa na mawimbi, na kifurushi kizima kinachopotea kwa kuanguka wakati wa kupakia au kupakua. Inaongeza pia maji ya bahari, ya ziwa au ya mto yanayoingia kwenye chombo, kontena au mahali pa kuhifadhia. Watu huchekesha kwamba Kisumu haina bahari ya kuhitaji bima ya bahari, lakini kifungu hicho kinataja ziwa na mto waziwazi. Lori lako likinaswa Ahero wakati Mto Nyando umefurika na maji yakaingia kontenani, B ina la kusema. Mvua iliyopenya kwenye turubai lililochanika ni jambo jingine. Hayo si maji ya mto wala ya ziwa, kwa hiyo hayamo kwenye B. Na wizi hata kwenye B haumo, mpaka ulipie nyongeza ya wizi na kutofika kwa mzigo.

Kuna mtego mwingine kwa wanaonunua kwa bei ya CIF, yaani bei inayojumlisha mzigo, bima na nauli ya meli, wakiamini muuzaji wa Guangzhou au Karachi ameshamaliza mambo ya bima. Kwa kanuni za Incoterms za 2020, yaani masharti ya kimataifa ya mauzo, muuzaji wa CIF analazimika kukata bima ya kiwango cha chini tu, yaani C. Kwa CIP, ambapo muuzaji hulipa nauli na bima hadi mahali mlipokubaliana, ndipo analazimika kukata A. Kama makubaliano yenu hayasemi vingine, amekukatia C, na hakukosea.

Msimamo wangu ni kwamba kwa mzigo mpya unaotoka ng'ambo mpaka Nyanza au Bonde la Ufa, C haifai. Tofauti ya malipo kati ya C na A, ukiilinganisha na bei ya kontena zima, mara nyingi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Omba bei za zote mbili kwa wakati mmoja uone mwenyewe.

Hatua ya 2: Soma kifungu cha 4, hata kama una A

Watu huambiana kwamba A "inalipa kila kitu". Kifungu cha 4 kinaorodhesha yale ambayo hata A hailipi, na humu ndimo madai mengi ya wafanyabiashara wa kawaida hufia.

Anza na ufungaji. Bima hailipi hasara iliyotokana na mzigo kufungwa au kuandaliwa vibaya kiasi cha kutostahimili misukosuko ya kawaida ya safari, ikiwa kazi hiyo ilifanywa na wewe au wafanyakazi wako, au ilifanywa kabla bima haijaanza. Neno kufunga humo linajumlisha pia kupanga mzigo ndani ya kontena. Sasa fikiria misukosuko ya kawaida ya mzigo unaokuja Kisumu: wiki kadhaa za mawimbi, kreni ya Mombasa, pengine treni ya SGR hadi bohari ya Naivasha, halafu lori, mteremko wa Salgaa, mashimo na matuta. Mkaguzi wa hasara hataangalia kama vigae vilifungwa vizuri vya kutoka kiwandani hadi gatini. Ataangalia kama vilifungwa vya kufika Kisumu. Akikuta katoni zimepangwa hadi darini bila paleti, bila mbao za kuzuia kusogea na huku kukiwa na nafasi tupu karibu na mlango, ataandika maneno mawili matatu na dai litakuwa limekwisha.

Dawa yake ni nafuu. Kabla hujalipa salio, mwambie muuzaji akutumie picha nne: sakafu ya kontena tupu, mzigo ukiwa umefika katikati, mzigo wote kabla mlango haujafungwa, na mlango uliofungwa ukionyesha namba ya kontena na namba ya sili, yaani kile kifungo cha mlango ambacho hakifunguki bila kukatwa. Kwenye ile ya pili ndipo utaona kama kuna kamba, mbao au mifuko ya hewa ya kushikilia mzigo. Picha hizo zikifika ukaona katoni zinaelea, mwambie apakue apange upya. Meli ikishang'oa nanga, huna tena la kufanya.

La pili ni asili ya bidhaa yenyewe. Mchele, mahindi, maharagwe, mbolea, chai, ngozi: hivi vina tabia zake. Nafaka iliyopakiwa ikiwa na unyevu mwingi itatoa mvuke njiani, mvuke utagusa paa la kontena, na paa likipoa usiku matone yatarudi juu ya magunia. Mzigo unaotoka joto la Mombasa na kulala kwenye baridi ya Mau Summit au Timboroa unapitia hali hiyo hiyo hata bila kuvuka bahari. Ukungu ukionekana, kampuni ya bima itauliza unyevu ulitoka wapi. Ukitoka kwenye nafaka yenyewe, hiyo ni tabia ya bidhaa, nayo imetengwa. Ukitoka nje, kwa mfano kupitia tundu la paa, A inaweza kulipa. Sumukuvu inahukumiwa kwa mtazamo huo huo.

Kwa hiyo dai cheti cha kipimo cha unyevu kilichotolewa siku ya kupakia, si cha mwezi uliopita. Mwambie muuzaji aning'inize mifuko ya kunyonya unyevu na atandike karatasi nzito kwenye kuta. Umwombe wakala wako nyongeza inayotaja joto, jasho la kontena na bidhaa kujiwasha yenyewe. Hupatikana, kwa bei, na kwa masharti. Kwa mwagizaji wa mchele ningesema asitie sahihi bila hiyo.

La tatu ni kuchelewa, nalo ndilo linalowauma watu zaidi kwa sababu linaonekana kama dhuluma. Kifungu kinasema hasara iliyosababishwa na kuchelewa hailipwi, hata kama kuchelewa kwenyewe kumesababishwa na jambo ambalo bima inalifidia. Meli Ever Given ilipoziba Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021, ilikwama kwa siku sita, na mamia ya meli zikapanga foleni. Mwenye bidhaa za msimu ndani ya foleni hiyo hakuwa na dai. Tangu Novemba 2023, baada ya Wahouthi kuanza kushambulia meli kwenye Bahari ya Shamu, kampuni nyingi za meli zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mkulima wa parachichi wa Nakuru anayeuza Ulaya kwa kontena la baridi akaona safari ikirefuka sana na matunda yakifika yameiva kupita kiasi. Kama mtambo wa baridi ulifanya kazi mwanzo hadi mwisho, hicho ni kuchelewa tu. Vifungu vya mizigo ya baridi kwa kawaida hudai mtambo uwe umesimama kwa saa 24 mfululizo au zaidi, kwa hiyo rekodi ya joto ya kontena ndiyo ushahidi wako wa kwanza na wa mwisho. Sare za shule zinazofika baada ya shule kufunguliwa, bidhaa za Krismasi zinazofika Januari: zote ziko kapu hilo. Hili halina nyongeza ya bei ya kawaida. Agiza mapema, au andika adhabu ya kuchelewa kwenye mkataba wako na muuzaji.

Hiyo Ever Given ina upande mwingine ambao wengi hawaujui. Mwenye meli alitangaza kwamba gharama za kuiokoa zigawanywe kwa wote wenye mali ndani yake, hata wale ambao mizigo yao haikuguswa. Hii ni desturi ya kale ya bahari, na mzigo hauachiliwi mpaka mwenyewe aweke dhamana. Kwa hili bima inakusaidia, hata ile ya C: kampuni ndiyo inayotoa dhamana. Asiye na bima hulipa taslimu kwanza.

Yaliyobaki kwenye kifungu hicho nayapitia haraka. Upungufu wa kawaida haulipwi: mbolea kupungua uzito kidogo, mafuta kubaki ukutani mwa tangi, uchakavu. Makosa uliyoyafanya kwa makusudi hayalipwi, bila shaka. Mionzi ya nyuklia imetengwa. Kufilisika kwa mwenye meli nako kumetengwa, ila kwa toleo la 2009 ni pale tu ulipojua, au ulipaswa kujua wakati wa kupakia, kwamba hali hiyo ingeweza kukwamisha safari. Kampuni ya Hanjin ya Korea Kusini ilipoomba kinga ya mahakama tarehe 31 Agosti 2016, meli zake zilibaki zikielea nje ya bandari kwa kuwa hakuna aliyetaka kuzihudumia bila malipo. Kama kampuni ya meli inaandikwa vibaya magazetini na wewe unaichagua kwa sababu ni ya bei ya chini, umejiweka pabaya. Na ukipakia kwenye kontena ambalo wewe au wafanyakazi wako mliona limetoboka, kifungu cha 5 kinakungoja.

Hatua ya 3: Ulizia vita na maandamano, kila kimoja peke yake

Vita vimetengwa kwenye A, B na C. Mgomo, ghasia, ugaidi na uharibifu wa mtu mwenye nia ya kisiasa navyo vimetengwa. Kila kimoja kina vifungu vyake vya nyongeza, na vyote viwili huandikwa kwenye cheti kwa majina. Usipoviona, huna.

Nyongeza ya vita hulinda mzigo ukiwa ndani ya meli. Hailindi mzigo nchi kavu. Meli Rubymar iliyoshambuliwa Februari 2024 na kuzama mwezi uliofuata ilikuwa imebeba mbolea, bidhaa ambayo mkulima wa Njoro anaifahamu vizuri. Ni hasara ya aina hiyo ambayo nyongeza hii imewekewa. Maharamia ni suala lingine: A inawafidia, B na C haziwataji.

Kwa mzigo wetu, nyongeza ya mgomo na ghasia ndiyo muhimu zaidi. Hakuna mfanyabiashara wa Kisumu, Eldoret au Nakuru anayehitaji kukumbushwa mapema 2008, barabara zilipofungwa, malori yakachomwa na reli ikang'olewa. Nyongeza hii, tofauti na ile ya vita, hufuata mzigo hata barabarani. Lakini soma mipaka yake: inalipa uharibifu uliofanywa na waandamanaji au wagomaji, hailipi kuchelewa. Lori likichomwa Kondele, una dai. Lori likilala siku nne Mai Mahiu kwa sababu barabara imefungwa na nyanya zikaoza, huna. Wafanyakazi wa bandari wakigoma na mzigo wako ukakaa tu, vilevile huna.

Mwaka wa uchaguzi, omba nyongeza hii mapema. Kampuni inaweza kupandisha bei au kukataa kabisa hali ikishachafuka.

Hatua ya 4: Jua bima inaishia wapi

Kuna cheti kilichoandikwa safari ni "Shanghai hadi Mombasa" na kuna kilichoandikwa "Shanghai hadi ghala la mnunuzi, Kisumu". Kutoka Mombasa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800, na kwa maoni yangu humo ndimo mzigo wetu unapokabiliwa na hatari nyingi kuliko baharini. Mwenye cheti cha kwanza anasafiri kilomita hizo zote bila kinga. Anachohitaji ni jina la mji wake kwenye mstari wa mwisho wa safari, au bima nyingine ya mizigo ya barabarani. Hiyo ya pili ina masharti yake, na lile la kuliacha lori bila mlinzi usiku ndilo linalovunjwa kila siku kwenye vituo vya njiani.

Hata safari ikiandikwa hadi Kisumu, bima haikai milele. Inakoma mzigo unapomaliza kupakuliwa ghalani, au siku 60 baada ya kushushwa melini kwenye bandari ya mwisho, lolote litakalotangulia. Inakoma pia pale unapoamua kuligeuza lori au kontena kuwa stoo. Hili ni la kuangaliwa. Mtu hana nafasi dukani, anamwomba mwenye lori aache kontena uani wiki mbili huku akiuza kidogo kidogo. Siku alipoamua hivyo, bima ya safari ilikwisha. Wezi wakija usiku wa tatu, anahitaji bima ya stoo. Kadhalika anayebishana na forodha mpaka miezi miwili inapita: wakala wako anaweza kuomba muda uongezwe, lakini aombe kabla ya siku ya 60.

Wanaovusha mizigo ziwani wana jambo lao. Cheti kingi hubeba sharti kwamba chombo kiwe cha chuma, kinachojiendesha kwa mtambo, na kilichokaguliwa na shirika linalotambulika la kupanga madaraja ya meli. Meli ya mizigo inayokwenda Port Bell, kama MV Uhuru, unaweza kuuliza hati zake. Mashua ya mbao kutoka Usenge au Mbita hadi visiwani haitimizi sharti hilo, hata iwe na nahodha hodari namna gani. Kama mzigo wako unaendelea kwa mashua, mwambie wakala hivyo kwa maandishi na upate jibu kwa maandishi. Vinginevyo hesabu kwamba bima inaishia ufukweni.

Hatua ya 5: Angalia jina na thamani

Wadogo kati yetu hawaagizi kontena zima. Huchangia nafasi kwa mkusanyaji wa Nairobi, ambaye hati ya shehena (bill of lading) huandikwa kwa jina lake. Bima nayo mara nyingi ni ya jina lake. Ukimwuliza anasema, "Usijali mama, kontena lote lina bima." Inaweza kuwa kweli, ila wewe si mhusika wa mkataba huo. Likitokea lolote, kampuni inamlipa yeye, kwa thamani aliyoandika yeye, na wewe unapanga foleni mlangoni pake. Mwambie akupe cheti kinachotaja jina lako na kiasi cha mzigo wako, au kata chako mwenyewe ukiwa na ankara na risiti yake ya kupokea mzigo.

Halafu kuna lile jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: ankara iliyopunguzwa ili ushuru upungue. Sitahubiri kuhusu KRA hapa. Nitapiga hesabu tu. Bei halisi ya mzigo ni shilingi 3,000,000. Ankara inasema 1,800,000. Kwa desturi, thamani ya bima ni gharama ya mzigo na nauli na bima pamoja na asilimia 10 juu. Tuseme kwa mzigo huu, kwa kurahisisha, ikatoka 1,980,000. Nusu ya mzigo ikiharibika, umepoteza 1,500,000. Dai lako halitazidi 990,000, na hapo bado hujakatwa kile kiasi cha mwanzo ambacho kila mwenye bima hukibeba mwenyewe. Hiyo ni siku njema. Siku mbaya, mkaguzi anaomba risiti ya benki, anaona ulituma 3,000,000, na kampuni inasema ulidanganya kuhusu jambo la msingi. Bima ya baharini imejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu, na sheria inaipa kampuni nafasi ya kujitoa.

Hatua ya 6: Tenga pesa za mambo ambayo si hasara ya mali

Bima hii inahusu mali iliyopotea au kuharibika. Gharama za kuhifadhi mzigo bandarini, faini ya kuchelewesha kontena la kampuni ya meli, soko kushuka, mteja kughairi: hakuna hata moja kati ya hizo iliyomo. Shirika la viwango, KEBS, likikataa mzigo kwa kutofikia kiwango, au KEPHIS, shirika la kukagua afya ya mimea, ikikataa mbegu zako, mali ni nzima ila haiingii nchini, na bima ya kawaida haikuhusu. Ushuru uliokwisha kulipwa juu ya mzigo ulioharibika haurudi kupitia bima mpaka uwe umeuorodhesha na kuulipia.

Ulaghai nao haumo. Ukifungua kontena ukakuta mawe na magunia ya mchanga, na sili ni ileile iliyofungwa China, hakuna kilichoibwa njiani. Bidhaa hazikuwahi kuanza safari. Ndiyo maana nasisitiza zile picha nne, na ndiyo maana mzigo mkubwa unastahili mkaguzi wa kujitegemea kule unakotoka.

Magari ya mitumba kutoka Japani, mashine zilizotumika na marobota ya nguo yana masharti magumu zaidi. Kampuni nyingi hutoa C tu kwa vitu vilivyotumika. Zinazotoa zaidi hutenga mikwaruzo, kutu, kubonyea, hitilafu ya umeme au injini isiyo na alama ya kugongwa kwa nje, na vifaa vinavyotolewa kwa mkono kama redio na tairi la akiba.

Hatua ya 7: Tuma maswali kabla ya kulipa

Usiulize kwa simu. Andika barua pepe. Jibu lake ndilo utakalolishika siku ya dai. Unaweza kunakili hii na kujaza yako:

"Habari za leo. Kabla sijalipia bima ya mzigo wangu, naomba mnijibu haya. Je, ni vifungu vya A, B au C, na ni vya mwaka gani? Je, wizi na kutofika kwa mzigo vimo? Je, nyongeza za vita na za mgomo na ghasia zimo, na kila moja ni shilingi ngapi? Je, safari imeandikwa hadi ghala langu Kisumu, kupitia Naivasha kwa treni na kisha kwa lori? Je, hasara ninayobeba mwenyewe kwanza ni kiasi gani, nayo huhesabiwa kwa kila dai au kwa asilimia ya mzigo wote? Je, kuna sharti lolote kuhusu upungufu wa mzigo ambao sili yake haijavunjwa? Je, kuna vifungu vya ziada mlivyobandika, vikiwemo vya mashambulizi ya mtandaoni na magonjwa ya kuambukiza? Naomba nakala ya vifungu vyote, si cheti peke yake. Asante."

Wakala mzuri atajibu siku hiyo hiyo au kesho yake. Anayejibu "iko sawa boss, lipa tu" amekupa jibu pia.

Hatua ya 8: Siku mzigo unapofika

Dai zuri huharibika mlangoni pa stoo. Dereva ana haraka, makuli wameshaanza kubeba, na mtu anatia sahihi kwamba amepokea "katika hali nzuri". Usitie. Piga picha sili kabla haijakatwa, ukilinganisha namba na ile ya hati ya shehena. Ukiona katoni iliyolowa au iliyobonyea, andika hivyo kwenye karatasi ya dereva kabla ya sahihi yako, hata kama ananung'unika. Simamisha upakuaji, mpigie wakala wa bima, omba mkaguzi. Wakati unamsubiri, tenganisha vizima na vilivyoharibika na uvifunike. Sheria inakutaka uzuie hasara isiongezeke, na gharama za busara za kufanya hivyo hudaiwa. Usitupe kitu.

Uharibifu usioonekana kwa nje, mwandikie msafirishaji notisi ndani ya siku 3 za kupokea. Watu husahau hili kwa kuwa macho yao yako kwa kampuni ya bima tu. Lakini kampuni hiyo, baada ya kukulipa, inataka kumdai mwenye meli au mwenye lori, na ukiwa umeipotezea haki hiyo, itakukata. Hati nyingi za shehena hutoa mwaka mmoja tu wa kumshtaki mwenye meli.

Faili ya dai ina cheti cha bima, ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, karatasi ya kupokelea yenye maelezo yako, ripoti ya mkaguzi, picha, na nakala za barua ulizomwandikia msafirishaji pamoja na majibu yake. Kampuni ikikataa, idai sababu kwa maandishi ikitaja kifungu. Ukitajiwa "kufungwa vibaya" huku picha zako zinaonyesha mbao na kamba, jibu kwa picha hizo. Mkishindwana, malalamiko hupelekwa kwa mamlaka ya kusimamia bima, IRA, ambayo hupokea malalamiko ya wateja bila malipo. Wapelekee faili nzima, pamoja na ile barua pepe ya hatua ya 7 na jibu lake.